Kile Kidude cha Langoni

Saa tatu asubuhi. Duka langu la Kutaisi
bado linanuka grisi na kahawa ya jana.
Simu ya mezani ikalia: Nazibrola, kutoka milimani,
sauti inakwaruza kama msumeno.
"Ushangi, nataka kile kidude."

Vidude ninavyo elfu tatu, mama,
kila kimoja na droo yake,
na kila droo ina namba, haina jina.
"Kile cha lango la ng'ombe.
Kina kichwa, kisha shingo, kisha kinajuta."

Kinajuta?
"Kinakwenda mbele kidogo, kinageuka, kinarudi,
kama mtu aliyesahau kofia mezani."
Nikaandika: kulabu. Nikaweka alama ya kuuliza.

"Si kulabu! Kulabu naijua, natundikia nyama.
Hiki kina tumbo."
Tumbo la mpira au la yai?
Akanyamaza. Nikasikia kuku, nikasikia ndoo.
"Tumbo la padri wiki ya Pasaka.
Ila upande mmoja tu."

Lugha ina maneno mia ya huzuni,
na mengine ishirini ya kunung'unika kuhusu bei,
lakini chuma kikijikunja mara mbili hewani
kinapenya kama dagaa katika wavu wa papa.
Hebu wewe jaribu. Parafujo:
ngazi ya mnara iliyojizungusha nje ya mnara.
Nati ya masikio: popo aliyetobolewa kitovu.
Kifungo cha shati: sahani ya matundu manne,
supu yote imevuja.
Zipu sisemi. Zipu ilinishinda mwaka jana,
mbele ya mteja.

Basi niambie kwa herufi, nikasema.
Alfabeti yetu nzima ni kulabu na matumbo,
haina pembe hata moja.
Ni las? "Las ina vilima vingi."
Ni un? "Un, lakini imelewa."
Ni doni?
"Doni! Doni... ila mkia umekanyagwa.
Na juu kuna kile kishungi cha khinkali,
unachokishika ukinyonya mchuzi
halafu unakiacha sahanini."

Nikafungua droo arobaini na moja.
Nikaifunga.

King'oe, basi, ukilete.
"Nikikitoa, ng'ombe ataingia kwenye mahindi ya Vazha,
na mimi na Vazha hatusemezani
tangu mwaka wa mafuriko."
Kichore.
"Kwa mkono huu? Nikichora duara, linatoka kama mto Rioni."

Jumanne, dereva wa basi la mchana
akaweka kauntani kifurushi cha kitambaa chenye jasho.
Ndani, donge la jibini mbichi:
alilibandika langoni, akalikandamiza kwa ngumi,
umbo likabaki humo.
Lakini ilikuwa Agosti, na safari saa tano.
Shingo ilikuwa imelala juu ya tumbo,
majuto yote yamenyooka,
na kile kishungi, Mungu wangu, kilikuwa ziwa.

Nikalitazama kwa miwani, nikalitazama bila miwani.
Nikapima kwa kalipa, kalipa ikazama.
Saa sita nikakata mkate.
Jibini lilikuwa zuri, na chumvi yake kiasi,
nikala kichwa, nikala shingo,
nikabakiza tumbo kama ushahidi.

Nikamtumia saba, kwenye soksi:
kimoja kinachofanana na un,
viwili vyenye matumbo,
vingine kwa kubahatisha tu.

Leo simu imelia tena.
"Cha tano nimekishonea koti, kinafaa sana.
Cha pili nimempa Vazha, kwa ajili ya kisima chake.
Ndiyo, tunasemezana, usiniulize.
Lakini cha langoni, Ushangi, sikiliza vizuri.
Kimekaa kama... umewahi kumwona paka
anayetaka kupiga chafya, asiweze?"

Nimewahi, mama. Subiri kidogo.
Ngoja nichonge penseli.